Hatua Tano Bila Salamu

Ilitangazwa kwa wananchi wote, wenye magari na wanaotembea kwa miguu, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi ni marufuku kusalimia, kusalimiwa, kuitikia salamu au kuonyesha dalili ya kutaka kusalimia ndani ya hatua tano kutoka pampu yoyote ya mafuta. Tangazo lilitolewa na Mamlaka ya Utulivu wa Vituo vya Mafuta, likasainiwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe kwa wino wa kijani, likabandikwa kila mahali, hata kwenye vituo viwili ambavyo vilifungwa zamani na sasa vinafugiwa kuku.

Mimi nilikuwa Mpima Ukimya, Daraja la Tatu. Daraja la kwanza na la pili hayakuwa na watu, yaliachwa wazi ili mtu apate pa kutamani. Nilipewa filimbi, daftari gumu, kalamu iliyofungwa kwa kamba isipotee, na kijiti cha kupimia hatua. Kazi hiyo niliipata baada ya kuzunguka sana. Nimekuwa utingo wa lori, mpishi wa kambi ya wajenga barabara, mlinzi wa ghala la chumvi, na kwa miezi minane nilihesabu mbuzi wanaoshuka kwenye behewa. Shule nilisoma vipande vipande, darasa hili huku, darasa lile kule, la nne nikaliruka kabisa kwa sababu mwaka ule tulikuwa tunahama. Kwenye usaili niliulizwa kama naweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Sikujibu. Nikachukuliwa hapo hapo.

Watu wasiojua utawala walicheka lile tangazo. Wacha niwaeleze lilikotoka.

Kwa miaka mingi wenye magari walikuwa wanalalamika kwamba wanaibiwa mafuta. Mtu anajaza lita ishirini, mshale unasogea kidogo kama mtu anayegeuka usingizini. Mamlaka ikaunda Tume ya watu kumi na mmoja. Tume ikaenda kukaa siku ishirini na tatu kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa vituoni kuna kelele, huwezi kuchunguza kitu. Ikarudi na jibu moja safi: mteja anaibiwa wakati wa salamu.

Na kweli, tuwe wakweli. Unasimama kwenye pampu. Mhudumu anakuja meno nje. Habari za asubuhi, bosi. Nzuri. Za nyumbani. Salama. Watoto hawajambo. Hawajambo. Na kazi je. Tunasukuma. Wewe hapo umeshamgeukia, maana huwezi kumwitikia mtu huku umempa kisogo, utaonekana hukulelewa. Kumbe mkono wake wa pili umeshapachika mpira kwenye tangi, na mita, ambayo ilitakiwa ianze kwenye sifuri, imeanza kwenye nne, pale alipoiacha mwendesha pikipiki aliyekutangulia. Ukimaliza kueleza watoto wako wako madarasa gani, umeshalipia lita nne zilizoondoka na pikipiki ya mtu.

Kulikuwa na mjumbe mmoja, mama mtaalamu wa vipimo, aliyependekeza wateja waambiwe tu watazame mita kabla ya kujaza. Alishukuriwa kwa mchango wake, akahamishiwa kwenye chumba cha majalada. Mkurugenzi alilifafanua jambo lile kwenye mkutano, na mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni.

"Tukiwaambia watu watazame mita, tumewaongezea kazi," alisema. "Tukiwanyima salamu, tumewapunguzia."

Tukapiga makofi.

Lazima nimseme vizuri Mkurugenzi, maana alikuwa mtu wa watu. Alipenda salamu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na nimeona wengi. Kutoka getini mpaka mlango wa ofisi yake kulikuwa na watumishi arobaini na wawili, na kila asubuhi alipita polepole akizichukua salamu zake moja moja. Ikitokea mmoja amepitiwa, labda anapiga chafya, Mkurugenzi alirudi nyuma hatua tatu akapita upya. Ndiyo maana alijua uzito wa kitu alichokuwa anakipiga marufuku. Wengine wanakataza vitu wasivyovijua.

Kanuni ilikuwa na kurasa sitini na viambatisho vitatu. Kila pampu ilizungushiwa mstari mweupe. Mteja akifika ananyanyua kadi: nyekundu ni petroli, ya manjano ni dizeli. Ilichapishwa pia kadi ya kusema asante lakini ikaondolewa, ilionekana inaleta tabasamu. Anayekosea anaandikiwa alama. Alama tatu, mhudumu anafutwa kwenye rejista ya wahudumu wote, si wa kituo chake tu, na hashiki tena mpira wa mafuta popote. Mteja akipata tatu, haruhusiwi kukaribia pampu yoyote kwa miaka miwili. Karani wa sheria alikuwa ameandika kwamba kanuni haiwahusu wakubwa. Mkurugenzi akaikata sentensi ile kwa wino wake wa kijani, akaandika pembeni: mtu yeyote. Alisema hapendi ubaguzi. Magazeti yalimsifu wiki nzima.

Kituo nilichopangiwa kilikuwa na pampu nne chini ya paa la bati, kiduka cha oili na mipira ya matairi, na ndoo nne nyekundu za mchanga wa kuzimia moto, ambazo wateja walikuwa wakizimia sigara. Pampu ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja anayeitwa Mzee Pointi. Hakuwa mzee sana. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimuuliza mbona mita haijaanza sifuri, alikujibu, "Ni pointi tu hizo, ndugu yangu," hata kama ni lita sita. Meneja alimpenda kama mtoto wa kumzaa.

Pampu ya nne ilikuwa ya shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu. Mtaa mzima ulimwita Bi Sifuri. Kwa miaka kumi na moja, kabla ya kubonyeza chochote, aligonga kioo cha mita kwa ukucha akasema, "Tazama sifuri, baba." Au mama, au babu, au mwanangu, kulingana na aliyekaa kwenye usukani. Hakuna aliyejazwa na shemeji bila kutajwa kwa cheo chake cha ukoo. Mimi nilikuwa nakaa kwake, chumba cha uani, kitanda na sanduku langu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nilikula kwake, nilifuliwa kwake. Kwa hiyo alama yake ya kwanza niliiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote.

Ilikuwa siku ileile ya kwanza. Aliingia mzee mmoja na gari linalotetemeka, akanyanyua kadi nyekundu, injini inanguruma. Shemeji akainama dirishani.

"Baba, zima injini."

Nikapuliza filimbi. Nikamweleza shemeji kwa upole, tukiwa nje ya mstari, kwamba maneno zima injini ni onyo la usalama na yanaruhusiwa. Lakini neno baba limo kwenye Kiambatisho A, pamoja na mama, kaka, dada, shangazi, mjomba, mwanangu na mwenzangu, kama salamu isiyo kamili. Akaniuliza amwambieje mtu wa umri wa baba yake zima injini, kavu kavu, kama anafukuza paka. Nikamwambia anaweza kumwandikia barua. Fomu ipo kwenye Kiambatisho C, na mteja anatakiwa kujibu ndani ya siku saba za kazi.

Kisha akarudi kwenye pampu yake.

Alama ya pili ilikuja wiki ya pili. Mwendesha pikipiki alisimama na sigara inawaka mdomoni, kifuniko cha tangi mkononi. Shemeji akasema, "Mwanangu, hiyo sigara." Nikapuliza. Jamaa akashtuka, sigara ikamponyoka, ikadondoka karibu na kidimbwi cha petroli kilichovuja kwenye mpira wa pampu ya tatu. Shemeji aliruka akaikanyaga, akaimwagia ndoo nzima ya mchanga pamoja na vichungi vya sigara vilivyozimiwa humo. Kwenye daftari niliandika: hatari imedhibitiwa kwa filimbi.

Jioni ile, tukila, sikuongea na yeye hakuongea. Nilidhani ameanza kuielewa kanuni. Kumbe alikuwa anasubiri nimalize sahani.

"Shemeji," akasema, "imebaki moja."

Nikasema ndiyo, imebaki moja, na kwamba ajitahidi. Nikamwambia kukaa kimya si kazi ngumu, mimi nalipwa kwa ajili hiyo.

"Mikono hii haijui kitu kingine, shemeji. Wakinifuta kwenye rejista, nitashika nini? Lakini sikiliza. Mdogo wako aliungua akijaza mapipa. Kulikuwa na mtu pale aliyeona jenereta inanguruma pembeni yake. Alimwona kabisa. Akanyamaza, kwa sababu bosi alikuwa anaongea na simu na hakutaka kumkatiza. Sasa wewe unaniambia ninyamaze."

Nilivipitia kichwani viambatisho vyote vitatu. Nikamwambia chakula kilikuwa kitamu. Nikaenda chumbani kwangu nikatazama ukuta wa jirani mpaka giza likaingia.

Huko kituoni, lakini, mafanikio yalikuwa makubwa. Mzee Pointi alinyanyuka kuliko wote. Zamani alitakiwa kukuchangamsha, kukutania, kukuuliza habari za watu asiowajua, kazi ya kuchosha kweli. Sasa hakuhitaji. Alianza mita kwenye tano, huku mteja anaona. Mteja akifungua mdomo, mimi nanyanyua filimbi. Mteja anafunga mdomo. Wengine walijaribu kuonyesha kwa kidole, lakini meneja alisoma kanuni vizuri akagundua kwamba kidole ni dalili ya kutaka kusalimia. Mama mmoja alilia machozi bila sauti, na kwa kuwa kulia hakukuwemo kwenye Kiambatisho A, sikumwandikia. Nilimruhusu alie.

Malalamiko yakashuka. Wiki ya kwanza yalikuwa tisa, ya pili mawili, ya tatu hakuna. Fomu ya malalamiko ilisema wazi kwamba lazima lalamiko litolewe kwa mdomo, mbele ya pampu husika. Tukaletewa barua ya pongezi yenye muhuri.

Foleni pale pampu ya nne tu ndiyo ilizidi kuwa ndefu. Watu walikuwa tayari kungoja nusu saa jua kali, wakati pampu nyingine tatu zipo wazi. Shemeji hakusema kitu tena. Aligonga kioo kwa ukucha, akaonyesha macho tu, akangoja mpaka mteja aitikie kwa kichwa. Niliangalia kanuni mara tatu. Ukucha haukuwemo.

Siku ya ishirini na tisa akafika mama mmoja na gari dogo, peke yake, amepakata dumu la plastiki mapajani kama mtoto mchanga. Akalifungua kifuniko. Akanyanyua kadi nyekundu na kulielekezea dumu, yaani ajaziwe humo humo, akiwa amekaa kwenye kiti. Kila anayefanya kazi ya mafuta anajua kwamba dumu halijazwi ndani ya gari. Linawekwa chini sakafuni, maana nguo na kiti vikisuguana cheche moja tu inatosha, na mtu yumo ndani na mlango umefungwa.

Shemeji alinitazama. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nikatikisa kichwa kumwambia asithubutu, na hilo lenyewe lilikuwa kosa kwa upande wangu, sikuliandika. Akatikisa mikono kwa yule mama, akaonyesha chini. Mama hakuelewa, akasogeza dumu karibu zaidi na dirisha.

"Mama," shemeji akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "shuka na hilo dumu, liweke chini. Nitakujazia huko."

Nikapuliza filimbi. Haikutoka vizuri.

Alama ya tatu ya mhudumu ina utaratibu wake. Inasikilizwa mahali palepale kosa lilipotendeka, yaani mbele ya pampu, na mwenyekiti ni Mkurugenzi Mkuu mwenyewe bila kuwakilishwa. Shauri likishapita saa sita mchana wa siku ya pili bila kuamuliwa, alama inafutika. Mkurugenzi alifurahi sana kusikia. Siku ya pili yake ndiyo ilikuwa sherehe ya siku thelathini bila salamu, tayari ameita watu wa kamera, na sasa angewaonyesha na mkosaji wa kwanza akifutwa kwenye rejista. Turubai moja lingetosha shughuli zote mbili.

Asubuhi yake shemeji alivaa sare iliyopigwa pasi. Mamlaka ilitugawia sare mpya zenye mchoro wa mdomo uliofungwa kifuani, na yake ilikuwa kubwa, akaikunja mikono. Njiani hakuniambia kitu. Nami nilibeba daftari langu.

Saa nne gari la Mkurugenzi likaingia chini ya bati, kubwa, jeusi, linang'aa, moja kwa moja pampu ya nne. Ndivyo ilivyopangwa, kamera zimwone mkubwa akihudumiwa kwa utulivu kama raia wa kawaida, halafu aliyemhudumia ahukumiwe. Dereva akabaki kwenye usukani, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Mkurugenzi akashuka, simu sikioni, anamwelekeza mtu jinsi ya kupanga viti. Mkono wa pili akaegemea pampu.

Dereva akanyanyua kadi ya manjano. Shemeji akachukua mpira. Akatazama bomba la moshi. Akatazama ile simu. Akaurudisha mpira mahali pake, akakunja mikono.

Dereva akatikisa kadi. Shemeji akaonyesha nguzo, ambako kwa maandishi mekundu makubwa kama sufuria paliandikwa ZIMA INJINI, ZIMA SIMU. Bango lile lilikuwa na saini ya Mkurugenzi. Lakini yeye kazi yake ilikuwa kusaini mabango, si kuyasoma.

Nimepima ukimya mwingi, na ule ulikuwa bora kuliko wote. Ukiondoa injini, ulisikia bati likitanuka kwa jua. Wahudumu wamesimama wima, midomo imebanwa juu ya mchoro wa mdomo uliobanwa. Meneja anatazama viatu vyake. Watu wa turubai wamenyamaza, kamera zinazunguka.

Mkurugenzi akamaliza simu, akaitia mfukoni. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Nadhani hapo ndipo ilipomfika kwamba kuna kitu kimepungua. Alikuwa ametoka nyumbani moja kwa moja, hakupitia ofisini. Wale arobaini na wawili hakuwaona. Toka aamke hajaonja salamu hata ya kijakazi. Niliona shingo yake inavimba polepole.

"Hamjambo," akasema.

Hakuna aliyejibu. Nikaandika saa nne na dakika kumi na mbili.

"Nimesema hamjambo."

Nikaandika tena. Karani wa sheria, kule kwenye turubai, akaanza kukohoa kikohozi cha kumzuia mtu, lakini Mkurugenzi alishapamba moto. Alimwendea Mzee Pointi, akamuuliza amelelewa wapi. Mzee Pointi akabana midomo mpaka macho yakamtoka. Akamgeukia meneja, akataka kujua watu hawa hawana adabu au wamefundishwa dharau. Meneja akatoa karatasi mfukoni, akaandika haraka, akamwonyesha: Wana adabu sana, Mheshimiwa. Ni kanuni yako.

Mkurugenzi hakuisoma. Alikwisha kumfikia shemeji.

"Na wewe mama, mtu mzima unajiona. Nimesimama mbele yako. Hata shikamoo?"

Nikapuliza filimbi mara tatu. Safari hii ilitoka vizuri.

Kamera zote zikanigeukia. Mkurugenzi akanijia, uso wake kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

"Filimbi hiyo nimekupa mimi," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na inafanya kazi vizuri."

"Andika kwamba nilikuwa nafanya majaribio."

Nikatazama daftari. Kwenye ukurasa wa kushoto zilikuwepo alama tatu za shemeji, kwa mwandiko wangu. Baba. Mwanangu. Mama. Ukurasa wa kulia ulikuwa na alama mbili za hamjambo na nafasi ya moja. Nilitafuta safu ya majaribio, sikuiona. Mtu aliyesoma vipande vipande kama mimi hawezi kuanza kuongeza safu kwenye daftari la serikali. Nikaandika: shikamoo, ya kudai. Nikajumlisha. Nikasaini.

Mkurugenzi akamwita karani wa sheria kwa sauti, amsomee sentensi inayowatoa wakubwa. Karani akafungua kanuni, akasoma maneno mawili ya wino wa kijani, akafunga. Hakuhitaji kusoma zaidi.

Kwa hiyo nilichukua kijiti changu nikampima hatua zake. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sikumzidishia hata nusu. Nikamwacha pale, nje ya mstari mweupe, juani. Akasema sawa, ataliendesha shauri kutokea huko huko. Karani akamkumbusha kwamba shauri linasikilizwa mbele ya pampu, na mwenyekiti hawakilishwi. Akasema basi aletewe pampu. Meneja akaandika kwenye karatasi kwamba pampu imejengewa.

Saa zikaenda. Wapambe walipiga simu huku na huku, wakitafuta mtu mwenye mamlaka ya kumsamehe Mkurugenzi. Ikaonekana mwenye mamlaka hayo ni Mkurugenzi, akiwa mbele ya pampu. Viti vya turubai vikaanza kubaki wazi. Ilipofika saa sita kamili karani akatazama saa yake, akaja na muhuri mdogo, akagonga juu ya ukurasa wa kushoto wa daftari langu: IMEPITWA NA WAKATI. Nikamwonyesha shemeji. Aliutazama muhuri ule kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji kutazamwa muhuri. Kisha akaenda kwenye lile gari jeusi, akagonga dirisha la dereva, akageuza mkono hewani kama anayezungusha ufunguo.

Dereva, aliyekwisha kuchoka, alielewa vingine. Aliona anafukuzwa. Akalisogeza gari mpaka pampu ya kwanza, ambako hakuna aliyewahi kukataliwa. Hapo Mzee Pointi akamkata jicho, na dereva, kwa kuona kamera, akaizima injini mwenyewe. Mzee Pointi akachukua mpira.

Shemeji alimwona. Akavuka mstari, akaenda mpaka aliposimama Mkurugenzi. Nje ya mstari salamu ni halali, nilihakikisha nyayo zake zote mbili.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Nimeona ardhi ikinyeshewa baada ya miaka miwili ya ukame, kule nilikolinda chumvi. Uso wa Mkurugenzi ulifanya vilevile.

"Marahaba, mama. Marahaba sana."

"Mzee, geuka utazame mita. Pale pampu ya kwanza."

"Taratibu," akasema, akinyanyua kiganja. "Hujaniuliza za nyumbani."

"Za nyumbani, mzee. Lakini mita..."

"Nyumbani salama kabisa. Na watoto hawajambo, maana ndiko unakoelekea. Mkubwa amemaliza chuo. Wa pili ni mvivu lakini ana akili. Endelea."

Shemeji alinitazama. Nami nilikuwa nimesimama pazuri, naona kote. Mita ilikuwa imeanzia kumi na moja. Akamwambia tena ageuke, anaibiwa kwenye gari lake, akamshika mpaka na kiwiko. Mkurugenzi akampiga-piga mkono kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akamwambia haraka haraka ndiyo inaharibu adabu za watu wa siku hizi, bado hajaulizwa za kazi. Basi shemeji akamuuliza za kazi. Na kazi ilikuwa ndefu. Tangi la gari lile linachukua lita themanini. Mzee Pointi alipochomoa mpira, mita ilisoma themanini na tisa.

Watu wa kamera hawakuwa wamesoma kanuni, lakini walijua kuhesabu. Kamera moja ikageukia mita, ikamrudia Mkurugenzi, ikaenda tena kwenye mita. Mzee Pointi akaficha uso kwa kitambaa cha kufutia vioo. Kamera ya pili ikafuata, na ya tatu.

Mkurugenzi akaziona zinavyohangaika. Akadhani zinamtafuta yeye. Akanyoosha koti, akapangusa jasho la kipaji, akamwomba shemeji waanze upya, kuanzia shikamoo.